Vibandiko Vitatu vya Lucinda Medeiros

Lucinda Medeiros hakuwa mtu wa mikutano. Kwa miaka ishirini na saba alipika katika jiko la shule ya msingi, akawalisha watoto wa jiji la Hamilton, Kanada, wa kila rangi na kila dini, na katika miaka yote hiyo alihudhuria mkutano mmoja tu wa wafanyakazi, akatoka katikati kwa sababu alikuwa ameacha supu motoni. Kwa hiyo shirika la nyumba lilipobandika tangazo kwamba mtaa wa Burlwood utavunjwa wote na kujengwa upya, na kwamba wakazi wanaalikwa kuusanifu pamoja na wataalamu, alilibandua mlangoni akaenda kumsomea mumewe.

"Eti wanataka tusanifu pamoja," alisema. "Miaka kumi na moja nawaambia bomba la jikoni linavuja, leo wanataka maoni yangu kuhusu mtaa mzima."

Horácio alikuwa kitandani, na kitanda kilikuwa sebuleni. Hapo ndipo alipolala, alipokula na alipooshwa kwa beseni, kwa kuwa nyumba za Burlwood zilikuwa za ngazi tupu: bafu juu, mashine ya kufulia chini ya ardhi, na hakukuwa na mlango uliompitisha mtu wa kiti cha magurudumu bila kumchubua vidole. Kisukari kilimchukua mguu wa kushoto, kisha baada ya miaka miwili kikaja kumalizia wa kulia. Figo nazo zikachoka, ikawa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni hospitali, mashine ya kusafisha damu, na kurudi akiwa hoi. Mtu huyu aliendesha kreni kiwandani kwa miaka thelathini. Alikuwa akinyanyua tani za chuma kwa kidole kimoja, na sasa mkewe alikuwa akimgeuza ubavu.

"Waambie nataka kuoga," alisema. "Maji yanitoke juu kichwani kama mtu mwingine yeyote. Wakiliweza hilo, hayo mengine wasanifu wapendavyo."

Basi Lucinda akaenda mkutanoni kwa ajili ya bafu.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chini ya kanisa, wenye viti vya kukunja na meza ya kahawa. Aliketi na Bev Trask, jirani yake wa ukuta mmoja, mzaliwa wa kisiwa cha Newfoundland, mwanamke ambaye kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na kuvu za ukutani lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

"Wametuletea biskuti," Bev alimnong'oneza. "Mwenye nyumba akikuletea biskuti, shoga, jua kuna kitu anakivunja."

Msanifu majengo alikuwa Annelies Vandermeer, mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye daftari ambalo alichora huku watu wakizungumza. Hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri jambo hili lisemwe mapema, maana mambo yangekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alisikiliza. Alimwacha mzee mmoja alalamike kuhusu mbwa kwa dakika kumi na tano, na akayaandika ya mbwa.

Mkutano wa pili Lucinda alinyoosha mkono. Alisema milango ipanuliwe. Alisema bafu lisiwe na kizingiti, sakafu iinamie kwenye tundu la maji, mtu aingie na kiti chake. Alisema kaunta ya jikoni ishuke, swichi zishuke, na yule aliyeamua jicho la mlangoni liwekwe pale juu aulizwe alikuwa akimtarajia nani. Watu walicheka. Alipoketi walimpigia makofi, na kabla ya biskuti kwisha alikuwa amechaguliwa mwakilishi wa wakazi. Alirudi nyumbani mashavu yakiwaka, mwanamke wa miaka sitini na moja.

Wiki iliyofuata Annelies alikuja Burlwood. Aliomba ruhusa, akalala kwenye kitanda cha Horácio, akiwa amevua viatu, aone anachokiona mgonjwa.

"Naona dari," alisema.

"Ndiyo hiyo hiyo," Horácio alimjibu. "Nimeikariri. Nikifa unaweza kuniuliza doa lolote."

Dirisha likashushwa kwenye ramani, hadi usawa wa goti. Na Lucinda akaongeza jambo ambalo lilikuwa likimkera kwa miaka. "Msiwarundike walemavu wote ghorofa ya chini kando ya mapipa ya taka. Kila mahali ndivyo mnavyofanya. Mume wangu hana miguu, macho anayo. Anataka kuliona ziwa."

Annelies aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akamtazama kana kwamba ndilo neno alilokuwa akilisubiri tangu chuoni. Liliandikwa: nyumba za wenye ulemavu zitawanywe ghorofa zote kumi za jengo jipya, kusiwe na mtu wa kufichwa. Likasomwa kwenye mikutano mingine na watu wa jiji, na kila liliposomwa lilitajwa kuwa limetoka kwa mkazi. Lucinda alijifanya hajali. Alilirudia kwa simu kwa dada yake mara tatu.

Mkutano wa nne ndio ule wa vibandiko.

Ukutani zilitundikwa picha kumi na mbili. Kila mkazi alipewa vibandiko vitatu vyekundu vya duara, akaambiwa avibandike kwenye vitu anavyovitamani zaidi. Kulikuwa na bustani ya mboga, uwanja wa watoto, chumba cha muziki, karakana ya baiskeli, tanuri la kuokea mkate la ua mzima, lenye kuba na bomba la moshi. Na katikati ya hayo yote, kati ya karakana na chumba cha muziki, kulikuwa na picha ya lifti mbili zikiwa sambamba, na chini yake maneno: lifti ya pili.

Watu wa Burlwood walikuwa na adabu yao, na adabu hiyo ilikuwa imewalea wengi wao: kitu cha lazima hakiombwi. Mpangaji anaweza kuomba rangi, anaweza kuomba bustani, lakini kuomba paa au joto wakati wa theluji ni kujishusha, ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba unajua yeye ni mwizi. Cha lazima unakidai kwa hasira kikikosekana, hukiombi kwa adabu kabla. Lucinda aliishi kwa kanuni hiyo, na aliipenda kwa kuwa ilikuwa na heshima ndani yake.

"Hiyo lifti imewekwa hapo kwa makosa," aliwaambia waliosimama naye. "Jengo la ghorofa kumi, watu wa viti kila ghorofa, wataacha kuweka lifti mbili? Ni kama watuulize tunataka choo. Msipoteze vibandiko vyenu hapo, jamani. Ombeni kitu ambacho bila kuombwa hawatatupa."

Alizunguka ukumbi mzima akilisema hilo. Alimwambia Mreno, alimwambia Msomali, alimwambia yule mzee wa mbwa. Alikuwa mwakilishi, na walimwamini, kwa sababu kila alichosema kabla ya hapo kilikuwa kimetokea kwenye ramani. Bev alipoonekana anasitasita mbele ya ile picha, Lucinda alimtania mbele za watu.

"Bev, wewe nawe. Ukipewa matakwa matatu utaomba soksi."

Vyake vitatu alivibandika vyote kwenye tanuri. Mama yake Horácio aliokea mkate kwenye tanuri la mawe kule Azores, visiwa vya Ureno, kisiwani São Miguel, na Horácio alipokuwa na homa hospitalini aliutaja mkate ule mtamu wa mayai kuliko alivyowataja watu. Tanuri lilishinda kila kitu. Lilipata vibandiko sitini na kimoja. Horácio aliposikia akasema, "Sitini na kimoja? Watu hawa hata hawajauonja."

Baada ya hapo ikaja ripoti. Ilikuwa ya kurasa tisini na zaidi, yenye picha za wakazi wakicheka na picha mbili za Lucinda mwenyewe. Alizisoma kurasa zenye picha. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari wa mwakilishi wa wakazi, athibitishe kwamba ripoti inaeleza kwa haki matakwa ya mtaa. Alivaa miwani, akaweka sahihi yake nzuri ya shuleni. Baadaye bei za ujenzi zilipanda, ikaja barua ya kusema kutakuwa na marekebisho madogo kulingana na vipaumbele vya wakazi. Alidhani ni rangi.

Miaka mitatu walikaa kwa muda katika nyumba ya kupanga juu ya kile kilima ambacho watu wa jiji hukiita Mlima, huko jiji linakoishia kwenye viwanja vya magari, kisha wakarudi. Walipewa nyumba namba 804. Ghorofa ya nane, dirisha la usawa wa goti, ziwa lote mbele yao na mabomba ya moshi ya kiwanda kando, ambacho Horácio alikitukana kila asubuhi kwa mapenzi. Siku ya kwanza alijiingiza bafuni mwenyewe kwa kiti chake na kufunga mlango. Alikaa dakika arobaini. Lucinda alisimama nje akisikiliza maji yakianguka, na alipomuuliza kama yuko salama alijibiwa, "Niache, mwanamke. Naoga."

Ulikuwa mwaka wa raha. Tuseme ukweli, ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote waliyokaa katika nchi ile. Jumamosi Horácio alishuka uani, akakaa mbele ya tanuri na kuwafundisha watu kukanda unga, akiwagombeza Wafilipino kwa kuharakisha na Wasomali kwa kuzungumza. Kifua cha Bev kilitulia. Wageni walikuja na kamera kutoka miji mingine kuona namna ya kujenga mtaa wa watu wote, na jengo likapewa tuzo. Jambo lililomshangaza Lucinda siku ya kuhamia, kwamba mlango wa lifti ulikuwa mmoja tu, aliuliza na kuambiwa na msimamizi kwamba hii ni ya kisasa, haiharibiki.

Iliharibika tarehe kumi na mbili Januari.

Fundi alikuja, akafungua, akafunga. Alisema kuna bodi imeungua, na bodi yenyewe hutengenezwa ng'ambo. Alisema wiki mbili. Ijumaa hiyo Horácio alikuwa na zamu ya mashine ya figo, na Lucinda akawaita zimamoto. Walikuja vijana wanne wenye mabega, wakamfunga kwenye kiti cha kubebea, wakamshusha ngazi mia na hamsini na kitu, wakampandisha jioni. Jumatatu walikuja tena. Jumatano mkubwa wao alivua kofia mlangoni.

"Mama, sisi ni watu wa dharura," alisema. "Leo kulikuwa na moto mashariki na sisi tuko huku kwenye ngazi. Nisamehe. Hatutaweza kila siku."

"Na hii si dharura?"

"Ni dharura, mama. Ila itakuwa dharura tena keshokutwa."

Wiki mbili zikawa nne, kisha sita. Shirika lilituma barua za pole na chupa za maji kwa ghorofa za juu. Zimamoto walikuja siku walizopata nafasi. Siku nyingine wakazi walijaribu, wanaume watano walimshusha Horácio mara mbili, na mara ya pili mmoja aliteleza kwenye ghorofa ya tatu, wakaangukiana wote, na Horácio akawaambia basi, inatosha, hataki kuua baba wa mtu. Alikosa mashine mara moja. Akakosa ya pili. Maji yakamjaa, uso ukavimba, na alfajiri moja akawa anahema kama amekimbia. Wakati huo ilikuwa dharura ya kweli, na zimamoto walikuja kwa dakika saba.

Hospitali ilimtibu. Isichokiweza ni kumrudisha nyumbani. Mwanamke wa ofisi ya uangalizi wa wagonjwa aliketi na Lucinda kwenye korido, sauti ya taratibu, akamweleza kwamba hawaruhusiwi kumtoa mgonjwa wa namna ile kwenda ghorofa ya nane isiyo na lifti, na kwamba kitanda cha wodi kina watu wanaokisubiri. Kuna makao ya wazee yenye nafasi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, karibu na mashine ya figo.

"Ni kwa muda tu," Lucinda alisema. Hakuwa akiuliza.

"Mpaka mambo yatengemae," yule mwanamke alisema.

Lucinda akaweka sahihi. Alikuwa na bahati mbaya na sahihi zake.

Wiki hiyo alimwita Annelies. Annelies alikuja siku hiyo hiyo, akapanda ghorofa nane kwa miguu, akafika mlangoni uso umekuwa mweupe. Alikaa mezani chini ya dirisha lake mwenyewe la usawa wa goti. Lucinda hakumpa kahawa, na katika nyumba ya Medeiros hilo halikuwahi kumtokea mgeni.

"Lifti ya pili ilikwenda wapi?"

Annelies alitoa ripoti kwenye mkoba. Alikuwa amekuja nayo makusudi. Aliifungua ukurasa wa thelathini na nne, kwenye jedwali ambalo halikuwa na picha. Tanuri, vibandiko sitini na kimoja. Bustani, hamsini na vitano. Lifti ya pili ilikuwa ya mwisho kabisa, vibandiko vinne.

"Bei zilipopanda walitaka kukata kitu," alisema. "Nilibishana nao miezi miwili, Lucinda. Walinifungulia ukurasa huu. Wakaniambia, umesema mwenyewe tuwasikilize wakazi. Hawa hapa wamesema."

"Ungewaambia sisi wapumbavu."

"Sikuwaona wapumbavu. Nilidhani mlimaanisha." Aliisukuma ripoti upande wa Lucinda. "Nilidhani kuwaheshimu ni kutowabishia."

Lucinda alilitazama jedwali. Hakukasirika, na hilo lilimtisha. Miaka yote ile aliitunza hasira yake kwa ajili ya siku ambayo kitu cha lazima kingekosekana, na sasa siku imefika, ameitafuta hasira amekuta jina lake mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho. Aliwaona tena watu wakiwa na vibandiko kwenye ncha za vidole, wakimsubiri awaelekeze. Alifunga ripoti, akairudisha kwa adabu.

Bev alipanda jioni, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi. Aliambiwa yote.

"Vile vinne," Bev alisema, "viwili ni vyangu."

"Ulibandika lini? Nilikuwa nakuona."

"Ulipogeuka. Nilijua kifua changu ngazi hakiziwezi. Ila ulishanicheka mbele ya watu, nikaona aibu kukwambia."

"Ungenigombeza, Bev. Wewe unamgombeza kila mtu."

"Wewe ulikuwa unajua," Bev alisema. "Sisi wote tulikuwa tunaona kwamba wewe unajua."

Bev alikaa mpaka kifua kikatulia, kisha akaanza kushuka.

Watu wengi baadaye walimwambia Lucinda kosa si lake. Kwamba anayeweka lifti kwenye kapu moja na karakana ya baiskeli ndiye mwenye kosa, kwamba huwezi kumpigia kura mtu aweze kutoka nje au asiweze. Ni kweli yote hayo. Aliyasikia, aliyashukuru, na hayakumsaidia kitu. Kila Jumapili alipanda basi kwenda makao, akamkuta Horácio katika chumba cha wanaume wawili, dirisha likiangalia ukuta wa jiko, akipungua. Hakulalamika. Kulalamika kungekuwa afadhali. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, lifti imefikia wapi, na akijibiwa aligeukia dari.

Bodi ilifika mwisho wa Machi. Jumanne fundi aliifunga, na lifti ikapanda na kushuka siku nzima na watoto ndani yake, hakuna aliyewafukuza. Alhamisi ikaja barua.

Lucinda aliisoma akiwa amesimama. Ilimpongeza kwa uvumilivu. Ilisema kwamba kwa kuwa Bwana Medeiros amepokea kitanda cha kudumu katika makao, nyumba namba 804, iliyosanifiwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha magurudumu, haina tena mkazi mwenye sifa hiyo, na orodha ya wanaozisubiri nyumba za namna hiyo ni ndefu. Bibi Medeiros atapewa chumba kimoja katika jengo la zamani la shirika mashariki ya jiji, ghorofa ya pili, kwa ngazi. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuhakikisha kwamba nyumba za walemavu wanazipata walemavu. Yeye mwenyewe aliiunga mkono katika mkutano wa tatu.

Alikwenda ofisini kwao. Alisema kitanda kile kilikuwa cha muda. Wakamwonyesha fomu ya hospitali, na kwenye fomu hakukuwa na neno muda. Wakamwambia anaweza kuomba upya, kama wenzi, watawekwa kwenye orodha. Aliuliza orodha ni ya muda gani. Miaka tisa, kwa makadirio. Horácio alikuwa na miaka sitini na nane, na mashine ya figo.

Jumapili alipofika makao, muuguzi alimlaki mlangoni akitabasamu. "Amekuwa tayari tangu saa mbili asubuhi," alisema. "Nilimpa ujumbe wako wa Jumanne, kwamba lifti yenu imepona. Akanilazimisha nimvalishe."

Horácio alikuwa kwenye kiti chake kando ya kitanda. Alikuwa amevaa koti lake zito la kiwandani, kofia ya sufu, skafu imefungwa, glavu mapajani. Uso ulikuwa unatoka jasho kwa joto la chumba. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa amepanga wembe, redio na picha ya mama yake.

"Umechelewa," alisema. "Gari liko wapi?"

Lucinda aliketi kitandani. Alikuwa amejitayarisha njia nzima kwenye basi, alikuwa na maneno ya kuanzia na maneno ya kufuatia, na hata uongo mmoja wa wiki mbili. Alipomwona na ile kofia aliyaacha yote. Akamweleza ilivyo. Alimweleza polepole, tangu barua hadi fomu hadi orodha, na hakuacha mwaka hata mmoja kati ya ile tisa.

Horácio alisikiliza akimtazama mdomo. Mkewe alipomaliza, yeye akazitoa glavu mapajani, akaziweka kitandani. Kwenye kitanda cha pili yule mzee mwingine alikuwa akikoroma mchana.

"Basi nivue koti," Horácio alisema.

Lucinda alisimama, akamfungua skafu, kisha vifungo, kimoja kimoja, kuanzia juu. Alimtoa mkono wa kwanza, akamwinamisha kidogo mbele, akamtoa wa pili.